Nyuzi Joto Sitini na Moja

Zuwena Mwinyimadi alifika kiwandani Mkuza na madaftari mawili, mita yake mwenyewe ya kupimia umeme, na kiburi kidogo cha mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kula sapu, yaani kurudia mtihani. Chuoni alisomea vipimo vya viwandani, fani ambayo mama yake, Bi Mwanamkuu wa Kisarawe, mpaka leo huwaeleza majirani kwamba ni ufundi wa saa. Sasa alikuwa amekuja fildi, wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Akifeli fildi, mwaka wa mwisho angeusikia kwa wenzake tu.

Kiwanda kilichemsha maziwa ya wafugaji wa Magindu. Nasema kilichemsha kwa heshima tu. Kanuni yenyewe haina mafumbo: maziwa yapite kwenye bomba yakiwa na nyuzi joto sabini na mbili, kwa sekunde kumi na tano, ndipo vijidudu vife. Ndani ya bomba kuna kihisio cha joto. Kihisio hutuma umeme mdogo sana kupitia waya hadi kwenye mashine ya kuchora, na kalamu ya mashine huchora mstari kwenye karatasi. Joto likishuka, valvu hufunguka yenyewe, maziwa yakarudishwa nyuma yakachemshwe upya.

Siku ya nne Zuwena aliutazama mstari ule, ukamkera. Ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Daktari Hashiru, mwalimu wake, alikuwa amewaimbia muhula mzima kwamba joto la kweli halitulii, hupanda na kushuka kidogo, na kipimo kisichotikisika ni cha kushukiwa. Basi akamfuata Fundi Wilfred, mkuu wa vipimo pale kiwandani, mtu mwenye kitambi na utani mwingi.

"Fundi, mstari huu umenyooka mno. Nadhani kihisio kimeganda. Mkaguzi akiuona atauliza."

Wilfred akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Kweli bwana. Macho unayo, binti."

Kesho yake mstari ukawa unatikisika vizuri kabisa, nusu nyuzi juu, nusu nyuzi chini. Zuwena alijisikia fundi. Aliandika jambo hilo kwenye logibuku yake, daftari la kazi za fildi, kwa wino wa bluu: *Tatizo limegunduliwa na kurekebishwa.* Saa nne, wafanyakazi walipogawiwa glasi ya maziwa kama kawaida, akaomba aongezewe.

Wiki ya tatu ndipo alipoamua kuufuata waya kwa mkono, kwa kuwa mwongozo wa chuo ulimtaka achore njia yake yote. Waya ulitoka kwenye mashine ya kuchora, ukaingia nyuma ya kabati la umeme, ukaishia hapo. Haukufika kwenye bomba. Ulikuwa umefungwa kwenye kiboksi cheusi chenye kitufe cha kuzungusha, kile kile ambacho mafundi hukitumia kujaribia mashine kwa kutuma umeme wa kubuni. Akaweka mita yake: miliampia kumi na tano na nukta sita, sawasawa na nyuzi sabini na mbili na nusu. Akiwa bado amechuchumaa, Wilfred akaja anapiga mluzi, akaingiza mkono juu ya kichwa cha Zuwena, akakizungusha kitufe kidogo kwa kidole gumba chenye ukucha mweusi. Kule mbele kalamu ikatikisika.

"Ushauri wako huo," akasema, anacheka. "Kila nikipita nakigusa. Zamani tulikuwa tunakiacha tu, kumbe tulikuwa tunajianika."

"Na maziwa yenyewe yako nyuzi ngapi?"

"Boila limechoka, binti. Tukiacha waya useme, valvu itarudisha maziwa kutwa, na kiwanda kitalala."

Zuwena alichota maziwa kwenye bomba la sampuli, akatumbukiza kipimajoto cha kioo. Sitini na moja. Akarudia mara tatu, akitaka sana awe yeye ndiye mwenye makosa. Sitini na moja. Harufu ya maziwa ya uvuguvugu ikampanda puani, naye akazikumbuka zile glasi zote alizokunywa, pamoja na ile ya kuomba. Alitapika nyuma ya stoo, akashika ukuta, akajichukia. Kuharisha kwa wiki mbili alikuwa amekusingizia chipsi za watu.

Ijumaa alikwenda kwao Kisarawe mikono mitupu.

"Maziwa ya mtoto yako wapi?" akauliza Bi Mwanamkuu, hata salamu haijapoa. Mjukuu wake, mtoto wa kaka yake Zuwena, alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani. Kila Ijumaa Zuwena alikuwa akimletea pakiti nne, zawadi ya shangazi msomi.

"Ana nini huyu, mama?"

"Meno hayo. Wiki ya pili sasa anaharisha. Yakitoka ataacha."

Zuwena akamwambia meno hayana kosa. Akamweleza maziwa yamekuwaje. Jioni hiyo hiyo wakampeleka mtoto zahanati, akawekewa maji. Zuwena hakuweza kumtazama mama yake usoni.

Jumatatu Daktari Hashiru alikuja kumkagua. Zuwena alimwamkia, mwalimu akaitikia kwa furaha, ameketi ofisini kwa Wilfred na glasi ya maziwa mkononi. Chini ya kiti palikuwa na katoni ya pakiti ishirini, takrima ya kiwanda. Mezani palikuwa na fomu ya uhakiki wa kipimo cha joto.

"Wewe unaweka jina hapa, kwenye aliyepima," Wilfred akamwelekeza. "Ndiyo desturi yetu, mwanafunzi wa fildi ndiye anayesaini." Akafungua faili, fomu za miaka sita, kila moja na mwanafunzi wake. Jina la Wilfred halikuwepo hata mahali pamoja. Mwanafunzi huondoka, na anayemtafuta hampati.

Zuwena hakuigusa kalamu. Akaeleza yote mbele yao: kiboksi, kitufe, boila. Kisha akaenda kuchota maziwa kwenye kikombe, akaweka kipimajoto ndani yake, akamsogezea mwalimu asome mwenyewe.

Daktari Hashiru akainama, akasawazisha jicho na alama kama alivyowafundisha. Akasoma. Akaitazama glasi yake, iliyobaki nusu. Akaisukuma polepole mpaka ukingo wa meza, akatoa leso, akajifuta midomo, akajifuta tena.

"Jaza fomu, binti," akasema. "Mwakani tunahitaji nafasi sita hapa. Viwanda vinavyopokea wanafunzi siku hizi ni vya kutafuta kwa tochi."

Zuwena akachukua kalamu. Akaandika sitini na moja. Akaandika majina yake matatu, namba yake ya usajili na namba ya simu, akapiga picha fomu kwa simu yake. Wilfred akaacha kucheka. Mwalimu akaivuta karatasi yake ya alama, akaandika kwa haraka, akaifunga ndani ya faili. Zuwena hakuhitaji kuonyeshwa.

Alipotoka nje alimwona mwalimu getini, anampa mlinzi ile katoni.

"Wapelekee watoto, Mzee Abdala," akasema, akaingia garini.

Zuwena alifika mbio, akamnyang'anya mzee wa watu katoni, akaipeleka mtaroni. Akazitoboa pakiti kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, akimwaga na kujaribu kumweleza mlinzi habari ya joto na vijidudu. Abdala hakuwa akimsikiliza. Aliyatazama maziwa yakipotea mtaroni.

"Mtu mzima kanipa kwa moyo mweupe," akasema. "Wewe mtoto umekosa nini mpaka uwe na roho mbaya hivi?"