Kabati Mgongoni mwa Colombe

Jumamosi asubuhi lori la ajansi ya kuhamisha lilisimama Muhumba, pale ambapo lami inaisha na ngazi za mawe zinaanza kushuka kuelekea ziwani. Lori haliwezi kupita hapo. Ndiyo maana papa Constantin, mwenye ajansi, huwaajiri wanaume wa fulana za buluu kwa ajili ya lori na wanawake wa Kadutu kwa ajili ya ngazi. Wanaume wanapakua, wanawake wanabeba. Picha iliyochorwa ubavuni mwa lori inaonyesha wanaume tu.

Colombe alikuwa amefika na binti yake Laurette mgongoni. Akamwachia Maisara, mama anayeuza maandazi juu ya ngazi, kisha akainama chini ya kabati. Lilikuwa kabati la libuyu, mbao nzito ya msituni, la milango mitatu, mali ya papa Stanislas, mkuu wa programu katika shirika moja la maendeleo, aliyekuwa akihama kutoka Panzi na mke wake, madame Eulalie. Wanaume wanne walilishusha na kuliegemeza mgongoni mwa Colombe. Mkanda wa kubebea ukamkaa kwenye paji la uso. Akashuka nalo peke yake, akitafuta jiwe la kukanyaga kabla ya kukanyaga, akapita bustani, akaliweka chumbani pale madame Eulalie alipoonyesha kwa kidole. Madame Eulalie akalitazama, akaonyesha mahali pengine. Colombe akaliinua tena.

Vitu vilipokwisha, wanawake walijipanga mlangoni, mikanda ingali kwenye paji. Hivyo ndivyo inavyofanyika Bukavu tangu kabla ya lori. Mbebaji haombi. Anasimama tu. Mwenye vitu anatoka, anatoa matabishi kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mtumishi. Inaweza kuwa noti iliyokunjwa, au mkate na chupa ya sukre, soda ya baridi. Zamani ilikuwa kibuyu cha pombe ya ndizi. Akishatoa, anasema, "Mutue." Hapo mkanda unavuliwa na uzito unamtoka mbebaji, unarudi kwenye kitu chake. Mshahara unalipa njia, na matabishi yanaondoa uzito. Kila mtu mjini anajua, na anayejifanya hajui ndiye anayejua zaidi.

"Munangoya nini tena, bamaman?" aliuliza madame Eulalie.

"Tunangoya kutua, maman," alijibu Salwa, aliyekuwa amebeba friji.

"Lakini bintu byote biko chini."

"Bintu biko chini. Sisi hapana."

Papa Stanislas akatoka na simu mkononi. Alikuwa amesoma jambo hili mapema, kwa sababu ni mtu wa kusoma. "Kule Bulaya banatoa matabishi," alisema, "lakini kama service iko mu faktire, ile karatasi ya malipo, hautoe tena. Na mu faktire ya Constantin service iko. Nililipa. Mumuulize yeye."

"Kabati haiko yake, papa," alisema Colombe.

"Maman, iko principe. Nikitoa mara mbili, naharibu soko."

"Hatuombe mara mbili. Hatuyapewa hata moja."

Salwa akajaribu kumrahisishia. "Papa, hata maji ya robine inatosha. Toa tu na mukono yako, useme tutue, twende."

Papa Stanislas alifikiri. "Nikianza na maji leo, kesho itakuwa bia," alisema, akafunga mlango. Hakuubamiza. Yeye si mtu wa kubamiza milango.

Walisimama mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia miguuni. Kisha wakavua mikanda, na kila mmoja akaondoka na uzito wa mzigo wake: Salwa na friji, wengine na meza, viti, na masanduku ya vitabu vya kupunguza umaskini.

Juu ya ngazi Colombe alimfunga Laurette mgongoni, na mtoto akalia. Akamfunga upya, akalia zaidi. Maisara akamfungua, akaona alama nyekundu ubavuni, iliyonyooka kama ukingo wa ubao.

"Hakutoa?" aliuliza Maisara.

"Hakutoa."

"Ulibeba nini?"

"Kabati."

"Ya libuyu?"

"Ya libuyu. Milango tatu."

"Basi umubebe mbele," alisema Maisara, akampa mtoto andazi.

Colombe aliita pikipiki. Alipokaa, gurudumu la nyuma likalala chini. Motari aligeuka, akatazama nafasi iliyokuwa nyuma ya mgongo wa Colombe. "Maman," alisema, "miye sibebe mutu na kabati kwa bei ya mutu." Colombe akaenda kwa miguu hadi nyumbani Cimpunda. Kitanda chake kilivunjika alipokilalia, na tangu siku hiyo alilala sakafuni, kifudifudi, kama wanavyolala watu wenye vitu mgongoni. Mume wake alikuwa Shabunda akichimba dhahabu, na simu yake haikupatikana.

Kule Muhumba, kabati lilianza kupanda Jumapili, wakati wa chakula. Lilipanda taratibu, likagusa dari, likatulia. Friji likafuata, kadiri waya wa umeme ulivyoruhusu. Madame Eulalie alilifunga kabati kwa kamba ya kuanikia nguo kwenye nondo za dirisha. Akitaka blauzi, analivuta chini. Mfanyakazi wa nyumbani alisema sasa ni rahisi kupiga deki. Chini ya kabati, pale palipobaki wazi, papa Stanislas aliweka kitanda cha wageni.

Colombe alijaribu kurudi kazini. Sokoni Kadutu walimpa gunia la muhogo, nalo likateleza, kwa sababu mahali pa kuliweka palikuwa na kitu. Mtoza ushuru wa soko alimsimamisha mlangoni akamdai ushuru wa kabati. Colombe alimwambia kwamba hakuja kuliuza. "Siulize kama unauza," alisema yule mtu. "Nauliza kama unaingia nayo." Colombe akarudi nyumbani. Laurette alikuwa amezoea kulala mgongoni, mbele hakulala. Alilia mchana kutwa, akinyoosha mikono kuelekea bega la mama yake, na kila mara alipopanda aligonga paji la uso kwenye kabati.

Siku iliyofuata Colombe alikwenda ofisini kwa papa Constantin, karibu na Feu Rouge.

"Nataka ile service," alisema.

"Service ililipwa, maman. Mteja iko content."

"Ililipwa nani?"

"Ajansi."

"Ajansi ilibeba nini?"

Papa Constantin alikuwa na subira kwa watu wake. Akamweleza kwamba ajansi ni lori, ni mafuta, ni ukuta huu, ni hata kiti hiki.

Colombe alikitazama kiti. "Na hii kiti ilibeba nini?"

"Inanibeba miye," alisema papa Constantin, na wanaume wa fulana za buluu wakacheka mlangoni. Kisha akaongeza kwamba hata akitaka kumsaidia hawezi, kwa kuwa yeye si mwenye kabati, na neno la kutua halina nguvu kinywani mwa asiye na mali. Hapo alisema kweli. Akachukua fedha ya service, akaiweka kwenye droo ya meza, akaifunga.

Basi Colombe alishuka tena zile ngazi za Muhumba. Jiwe moja lilipasuka chini ya mguu wake. Madame Eulalie ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama mtoto aliyekuwa mbele, akatazama nyuma ya Colombe, akasogea upande ili apite vizuri.

Papa Stanislas alimpokea chumbani, mahali ambapo jambo lenyewe lilionekana. Kabati lilikuwa darini, kamba imelegea.

"Sikuje kugombana, papa," alisema Colombe. "Nakuja kutua. Mutoto iko anakosa mugongo."

"Nikisema ile neno, itaanguka?"

"Haitaanguka. Itashuka, irudi kuwa kabati."

"Hapo chini kuko kitanda."

"Mutoe kitanda. Miye mwenyewe nitaitoa."

Papa Stanislas alilivuta kabati kwa kidole kimoja, likaja. Akaliachia, likarudi. Alifanya hivyo mara kadhaa. "Unaona, maman," alisema, "zamani, kuisogeza ilihitaji batu bane. Sasa hata madame anaisogeza. Ukinisikiliza vizuri, utaona kama unaniomba ninunue uzito. Mutu ananunua uzito?"

"Haiko ya kununua. Iko yako."

Wakati huo madame Eulalie alikwenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Alikuwa ameijaza mpaka juu, akaishika kwa mikono miwili. Zilibaki hatua chache tu afike kwa Colombe, na tayari midomo yake ilikuwa imefunguka kwa ajili ya lile neno. Kabati likashuka kidogo, upana wa kiganja. Colombe alilisikia likiinuka mgongoni mwake. Kwa mara ya kwanza Laurette aliacha kulia.

Papa Stanislas aliichukua ile glasi mikononi mwa mke wake, kwa upole, akanywa maji yote.

"Mvua inakuja, maman," alimwambia Colombe. "Uende pole na zile ngazi. Naona moja ilisha pasuka. Nitasema bairekebishe."

Madame Eulalie alibaki ameshika hewa kwa umbo la glasi. Kisha akashusha mikono, akaenda kufunga kamba vizuri.

Habari za vyombo vyepesi zilienea mjini. Wageni waliolala chini ya kabati walisimulia. Kabla ya Pasaka, papa Constantin alikuwa amechora upya ubavu wa lori: wanaume walewale wa fulana za buluu, kila mmoja ameshika kochi kwa uzi. Chini yake aliandika kwamba wateja wanaombwa wasitoe chochote mlangoni, kwa faida yao wenyewe. Wateja wakaja wengi. Walioikubali kanuni hiyo mara ya kwanza hawakuhitaji tena wanawake walipohama mara ya pili. Watu wawili walishika kamba na kutembea. Kwa hiyo wanawake walikosa kazi kwa sababu ya uzito waliokuwa nao. Cimpunda kulikuwa na mama mwenye piano. Kulikuwa na mabinti wawili waliogawana meza ya mikutano, na ilibidi wasiachane sana. Wenye nyumba za kupanga waliwapandishia kodi, wakisema sakafu inateseka. Hakuna aliyesema uongo. Sakafu iliteseka kweli.

Siku ya Pasaka Colombe alikwenda misa katedralini. Shemasi alipomwona kwa mbali alifungua ubao wa pili wa mlango bila kuombwa, naye akaingia kwa upande, akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu kabati ni refu. Laurette alikuwa ameanza kutembea, mapema kuliko watoto wengine wa rika lake, kwa kukosa mahali pa kubebwa. Alimfuata mama yake kwa nyuma, akiacha kati yao nafasi ambayo hakuna aliyemfundisha: kina cha kabati moja, milango ikiwa imefunguliwa.

Katika njia ya katikati walikutana na papa Stanislas, aliyekuwa anarudi kutoka kutoa sadaka. Alikuwa ametoa vizuri, kwa mkono wake mwenyewe, na kikapu kilikuwa kimeonekana kikijaa. Alimtazama Colombe, akatazama nyuma yake, akalitambua. Akajibana kwenye benchi na kuvuta koti lake, ili pembe isimkwaruze.

"Pardon, maman," alisema. "Pita."

Colombe akapita. Ilichukua muda, kwa sababu ni kabati la libuyu, na papa Stanislas alingoja kwa adabu mpaka lote likaisha kupita.