Mbao Zilizolala kwa Naeku

Joel aliinama akaligonga kabati kwa kifundo cha kidole, ubavu hadi ubavu, akitega sikio kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Shanga zimo humu," alisema. "Kaka hayupo, na vya nyumba yake ni vya ukoo. Mnunuzi yuko mjini ananisubiri."

Naeku, mjane wa kaka yake, aliendelea kumimina chai. Shanga hizo alipewa na mama yake mzazi, mkufu mpana wa arusi, na kesho yake binti yake Silantoi alitakiwa aingie nao kanisani.

"Tafuta, shemeji. Ila kabati langu usilikwaruze."

Joel akanigeukia mimi, msaidizi wa fundi, niliyekuwa nikifagia maranda. "Na wewe, mzee wa msasa? Hujaona kificho?"

"Nimeona vumbi tu, baba."

Nje masika yalikuwa yamekaa juu ya kijiji cha Olmotonyi kama kuku atamiaye. Mlango wa nyumba ulikuwa umevimba, ukifungwa kwa teke. Kabati la dukani lililokuwa pembeni lilishagoma kufunguka tangu Pasaka.

Mimi nilifika Arusha nikitokea Kondoa, na kabla ya Kondoa kwingine. Shule nimesoma vipande vipande, darasa hapa, darasa pale. Kazi nazo hivyo hivyo. Fundi Elinipa wa Elerai, mwanamke mfupi mwenye viganja vya mchimba visima, alinipa msasa na benchi la kulalia, wala hakuniuliza nitakaa hadi lini.

Naeku alipokuja kuagiza kabati lenye kificho, nilidhani tutaanza siku hiyo hiyo. Wapi! Elinipa alichagua mbao za mninga, akazipandisha Olmotonyi, akazipanga darini kwa Naeku, mbali na moshi wa jiko. Kisha akarudi zake mjini. Kiangazi kikapita. Mvua zikaanza. Naeku akawa anapiga simu.

"Fundi, arusi itafika mbao zimelala tu!"

"Ziache zilale, mama. Huku kwetu kukavu, kwako kuna ukungu. Nikiziunda hazijaizoea nyumba, zitavimba, droo igome. Au zije zikauke, ufa uonekane, na mwenye macho aujue mlango."

Ukungu ulipokwisha kuziingia, alipanda na randa na patasi, akaliunda kabati humo humo ndani. Ile droo ya siri aliizungushia manyoya ya kondoo, maana patupu hujisema pakigongwa. Mimi niliupiga msasa ubao wa chini kwa mikono hii, na nilipoambiwa nionyeshe droo inaanzia wapi, nilipapasa kama kipofu.

Basi Joel aligonga, akapapasa, akalala kifudifudi na tochi ya simu. Kila mahali mlio ulikuwa mmoja, mzito, wa mti mzima. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Hazimo," alisema, akaondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi Silantoi alisimama mbele ya kabati na gauni lake jeupe, akaubonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba cha mguu. Droo ikatoka kimya, kama ulimi. Mama yake akamvika.

Kanisani Joel aliuona mkufu, akakosa beti mbili za wimbo. Mbele ya usharika mzima, angemvuaje bibi arusi? Baadaye alimfuata Elinipa penye foleni ya chakula.

"Zilikuwa wapi?"

"Mimi ni fundi wa kabati, baba. Shanga muulize mwenye shingo."

Nimetembea sana, nimeona madaraja na minara. Kitu kilichokaa vizuri namna ile sijakiona tena. Tuliporudi Elerai nilimwambia fundi kwamba nami nataka kisanduku, kidogo tu, chenye kificho, kabla sijaondoka.

Alitoa kipande cha mninga, akakigeuzageuza.

"Sawa, mzee. Nyumba yako iko wapi, nikakilaze?"

Nikatazama barabara.

Elinipa aliinama, akakisukuma kile kipande chini ya benchi ninalolalia. Masika mengine yameanza, na bado kipo hapo.