Mashauri ya Kuingia Athene kwa Mwenye Nusu ya Mfupa

Ukienda Athene kwa mguu, ufike asubuhi, na ufike umeshiba. Mwathene atakuuliza kwanza vita viko wapi na mfalme wa Waajemi anaugua nini, ndipo akumbuke kwamba una tumbo. Usimchekeshe mtu sokoni kwenye samaki: sarafu zake kaziweka shavuni, na zikimtoka utasaidia kuzitafuta kwenye magamba. Ukuta wa nyumba usiuegemee. Ni udongo mtupu, na wezi wa kule hawahangaiki na mlango, hutoboa ukuta. Na ukiulizwa kwenu wapi, taja mji wowote. Usitaje Abdera.

Mimi nilitaja. Sikuwa na pengine pa kutaja.

Nilikuwa naukaribia mwaka wa sabini, goti moja zima na moja la kuazima, na duniani kote nilibakiwa na mlango mmoja tu ambao ningeugonga bila kuona haya. Ulikuwa mlango wa Kefisio. Miaka thelathini na moja nyuma alikwama kwetu Abdera wakati wa baridi, homa imemlaza, nikamweka ndani mpaka theluji ikayeyuka. Siku ya kuagana tulichinja kondoo, tukachukua mfupa wa kifundo cha mguu, tukaupasua katikati. Yeye nusu, mimi nusu. Atakayekuja na nusu yake, awe yeye mwenyewe au mjukuu wake, hatalala nje. Patasi iliniteleza ikanikata kidole gumba, na Kefisio akacheka mpaka homa ikataka kurudi.

Tangu hapo nimezunguka. Nimevuta makasia, nimechoma makaa, nimefundisha watoto herufi ambazo mwenyewe nilizijua nusunusu. Mke wangu alitangulia, nyumba ikafuata kwa moto. Ule mfupa nikautoboa tundu, nikauvaa shingoni.

Basi nilifika. Karibu na lango, pale makaburi yanapopanga mstari kando ya barabara, kokoto iliniingia kwenye ndara. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi moja, la tatu kutoka langoni. Nikatundika kofia yangu pana ya safari kwenye pembe ya jiwe, nikatoa kokoto, nikala kitunguu changu cha mwisho. Maganda nikayaacha palepale. Mawe ya kule yameandikwa maneno ya kumsalimu mpita njia, lakini kusoma kwangu ni kwa kupapasa, na siku hiyo nilikuwa na haraka. Sikuitikia salamu.

"Wa nani wewe, mzee?" akauliza mlinzi wa lango.

"Wa Kefisio, mwana wa Demeo."

"Haya, pita."

Nilipita kifua mbele. Si kila siku mtu husema yeye ni wa fulani.

Ukitafuta nyumba ya mtu Athene, nenda kwa kinyozi. Njia hazina majina, ila vinyozi wana midomo. Niliyemwendea alikuwa na wateja watano, mmoja ananyolewa na wanne wanasikiliza.

"Kwenu wapi, babu?"

"Abdera."

Wote wakakaa vizuri, kama watoto walioona chungu cha asali.

"Abdera!" akasema mwenye kunyolewa. "Eti kule punda akitumbukia kisimani mnamtupia kamba, mnamwambia ajifunge mwenyewe?"

"Tulimtupia," nikasema. "Akajifunga. Sasa tumemfanya kinyozi."

Wakaangua kicheko, na kinyozi naye akacheka, wembe juu. Nikaona mambo yamekuwa mepesi, nikamtaja Kefisio, mwana wa Demeo. Kicheko kikakatika. Wakatazamana. Kinyozi akaufuta wembe taratibu kwenye paja.

"Kefisio! Huyo siku hizi hatoki, babu. Amekuwa na usingizi mzito. Ukifika, gonga kwa nguvu."

"Na ukimpata," akasema yule wa kitini, "mwambie sisi nasi tunakuja, ila hatuna haraka."

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Nikacheka nao. Nilikuwa sijacheka katikati ya watu kwa muda mrefu, na mtu mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani.

Walinielekeza vizuri, hilo siwanyimi. Mlango ulikuwa nyuma ya chemchemi. Ujue kwamba milango ya kule hufunguka kwa nje, na anayetoka hugonga kwanza kwa ndani, kumwonya mpita njia. Mimi nilipiga hodi, nikasikia nagongewa kutoka ndani, nikadhani najibiwa. Nikasogea nikitabasamu. Ubao ukanipata puani.

"Pole, mzee! Hukusikia nikigonga?" Alikuwa kijana mwenye paji la uso la Kefisio. Huyo alikuwa Pamfilo, mwanawe.

"Nimekuja kwa baba yako," nikasema, damu ikinitiririka mdomoni, na nikamwonyesha mfupa.

Aliugeuza kwenye kiganja. Hakuwa mkali, alikuwa mwangalifu, na hilo ni gumu zaidi. "Baba alifariki, mzee. Mwaka wa nne huu. Na nusu ya mfupa kama huu humu ndani haipo. Nisamehe, lakini mfupa mmoja hata mchinjaji anao."

Nikakumbuka kinyozi na usingizi mzito. Nilinyoosha mkono anirudishie changu.

Juu ghorofani kulikuwa na mlio wa kitanda cha kufumia, taka-taka, taka-taka. Ukanyamaza.

"Pamfilo," ikaita sauti ya mwanamke mzima kutoka dirishani. "Muulize nani alijikata kidole."

Nikainua gumba langu lenye kovu. Pamfilo akalitazama. "Ni yeye, mama."

"Artemo," ikasema sauti.

Ndilo jina langu. Njia nzima kutoka kwetu Thrakia nilikuwa mzee, babu, wewe, Abdera.

"Baba yako alisema huyu atachelewa," mama akaendelea. "Nusu yake alitaka azikwe nayo mkononi. Akaagiza jiwe lichongwe akipeana mkono na mtu mwenye kofia ya safari. Mgeni kapita langoni, hakuliona? La tatu tu."

"Nililiona, mama," nikasema. "Nililikalia. Na kofia nikaitundika juu yetu wote wawili."

Juu kukatoka sauti, sijui ya kicheko au ya kilio. Ubao wa dirisha ulikuwa umefungwa, na mjane wa heshima hashuki kwa mwanamume asiye ndugu. Mlio wa kitanda cha kufumia ukaanza tena.

Pamfilo alinipa chumba cha wageni, upande wa uani. Aliniletea mkate wa shayiri, dagaa, na mvinyo uliotiwa maji ya kutosha. "Kaa utakavyo, mzee. Mimi naitwa barazani," akasema, akagonga mlango, akatoka. Nikala peke yangu chini ya ule mlio. Mlango nilikuwa nimeupata. Ambaye angeicheka pua yangu hakuwepo.

Alasiri nikarudi nje ya lango. Maganda yangu ya kitunguu yalikuwa bado pale. Nikayaokota moja moja. Nikapapasa herufi kwa kidole mpaka jina likatimia, nikaitikia salamu. Yule mwenye kofia kwenye jiwe alikuwa kijana, ndevu nyeusi, goti zima. Nikachimba kidogo kwa kisu chini ya jiwe, nikavua mfupa shingoni, nikausukuma ndani hadi mkono ulipogota. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Nilikaa hadi jua likaangukia nyuma ya mlima, safari hii uso wangu ukielekea jiwe.

"Mzee!" mlinzi akapaza sauti. "Nafunga. Wa nani wewe?"

"Wa Kefisio."

"Kefisio yupi?"

Nikamwonyesha. Akalitazama jiwe, akatazama kofia iliyo kichwani mwangu, akarudi kwenye jiwe. Alikuwa amekwisha kusukuma ubao mmoja wa lango. Akaushikilia hapohapo kwa bega, akaningoja, nami kwa goti langu la kuazima nilichukua muda.