Karatasi ya Ukutani Kambove

Danielle alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita kwenye ukurasa uliopinda bila kuunyoosha. Kila jioni, umeme ukikubali, alikaa nyumbani kwake Likasi akirekebisha maelezo ya programu huria, zile ambazo watu hutumia bure na yeyote huweza kuzitengeneza. Kichwa kisicho na nafasi, orodha iliyoshikana, jedwali lililovunjika, vyote alivinyoosha. Hakulipwa. Mumewe Hilaire alimtania kwamba anafagia uwanja wa watu asiowajua.

Jumatano asubuhi akakuta ujumbe wa mtu wa mbali: "Kwenye jedwali la gesi, namba zimesogea. Tafadhali angalia."

Akaangalia. Wiki iliyopita aliona kistari kimoja kimezidi katika jedwali hilo, la programu ya vifaa vya kunusa gesi, akakifuta, likanyooka, naye akalala ameridhika. Kumbe kistari hicho ndicho kilichotenga safu. Namba zote zilikuwa zimesogea hatua moja kushoto. Palipotakiwa kumi, kiwango cha gesi cha kuamsha king'ora, sasa pamekaa mia, kiwango cha mtu kuanguka chini. Kazi hii huitwa masahihisho madogo. Madogo kwa nani?

Alirekebisha kwa dakika mbili. Ndipo akamkumbuka mumewe. Hilaire ni fundi umeme wa karakana moja huko Kambove, isiyo na intaneti. Ijumaa iliyopita alichapisha ukurasa ule ule mjini, akaubandika ukutani kazini, akavitega vifaa vya kunusa gesi kwa namba zake. Ukurasa wa mtandaoni umepona, lakini karatasi haiponi yenyewe. Na leo wanaume wanaingia kuosha tangi, mahali gesi hiyo hujikusanya.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Kazini kwa Hilaire, simu zote hubaki langoni kwa mlinzi.

Akapanda pikipiki ya kukodi kwenda Kambove. Aliogopa, tena sana. Njia nzima alijaribu kusali, lakini sala aliyoijua tangu utoto ilimtoroka, akabaki na neno moja tu mdomoni: kumi, kumi.

"Papa, muniitie Hilaire," alimwambia mlinzi. "Mbio."

Hilaire alitoka akijifuta mikono. "Danielle? Kuko nini ku nyumba?"

"Mulisha kuingia mu tangi?"

"Bado. Pompe ya maji iliaribika, tunangoya."

Akaketi pale pale vumbini na kumweleza. "Ni kosa yangu miye. Alarme ni kumi, haiko mia."

Hilaire hakumtania. Alirudi ndani akikimbia, na alipotoka tena vifaa vilikuwa vimeshategwa upya, karatasi ameikunja mkononi. Danielle akaipokea na kuichana vipande vidogo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi yote.

Hilaire alivitazama vile vipande.

"Joachim, fundi wa karakana ya Kakanda, alikuya juzi," alisema polepole. "Alifanya photocopie ya karatasi hii."

"Bale ba Kakanda banaosha tangi lini?"

"Leo. Asubui."

Hilaire alichukua simu yake kwa mlinzi, akapiga, akaiweka katikati yao wasikie wote. Ikaita. Ikaendelea kuita. Wote wawili walijua saa za kazi simu ya Joachim iko wapi: langoni, kama za hapa.