Chipu Isiyojua Jina Lake

Mama alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga, na hakuwa amelala kitandani tangu kampuni iliyotengeneza vipimajoto vyake ifunge milango. Mashine za kutotolea zilibaki nzima, ila vipimajoto havikutuma tena habari kwenye simu. Lugha ya redio zao ilikuwa siri ya kampuni, nayo ikazikwa pamoja na kampuni. Basi Mama alikesha kitini kando ya mayai, miguu ikamvimba hadi viatu vikamkataa.

Binti yake, aliyemaliza chuo juzijuzi, aliazimia kuifundisha chipu, ubongo mdogo wa kipimajoto, kuzungumza upya, kwa programu huria ambayo yeyote angeweza kuisoma na kuisahihisha. Aliiweka mtandaoni. Watu asiowajua wakaja kumsaidia, mmoja akijiita Popo.

Lakini kila mara ruta, kisanduku cha intaneti cha chumbani, ilipoiita chipu, chipu ilisikia, ikanyamaza. Ruta ilirudia weee, mwishowe ikaachana nayo.

"Bado imenuna?" Mama aliuliza.

"Inasikia kila kitu, Mama. Haiitiki tu."

"Kama baba yako ukitaja kuosha vyombo."

Binti akacheka, akafungua kompyuta. Popo alikuwa ameandika: "Ndugu, naona ruta umeiambia jina la chipu. Chipu yenyewe je, umeiambia?"

Akaduwaa. Ndani ya redio ya chipu, mahali pa jina palikuwa patupu. Kila mwito ulipita kana kwamba ni wa jirani. Akaliandika jina, akawasha.

Ruta ikaita. Chipu ikaitika.

Ikaita tena, ikaitikiwa, upesi kiasi kwamba kupepesa jicho kulikuwa safari ndefu. Binti alitazama huku na huku. Hewa ilikuwa ileile, ya joto na harufu ya manyoya, na ndani yake kitu kidogo kama ukucha kilikuwa kikizungumza.

"Mama, tazama simu yako."

Mama akasoma: thelathini na saba nukta sita. Akalinganisha na kipimajoto chake cha kioo. Sawasawa. Akatoka hadi kona ya mtaa, macho kwenye simu, akarudi polepole.

"Hata kule inasema," alinong'ona. "Huyo Popo nimlipe nini?"

"Hataki kitu. Alitaka tu ifanye kazi."

"Na hata hanijui."

"Hakujui, Mama."

Mama akachukua kanga yake.

"Ukimwandikia," alisema mlangoni, "mwambie nimekwenda kulala."