Mama Ndiye Kipimo

Kwa maharusi aliowapiga video, jina lake lilikuwa Taratibu. Si kwamba alikuwa mtu wa pole; umkute kwenye foleni ya mkate, utamhurumia muuzaji. Jina lilitokana na kelele zake ukumbini: "Jamani bwana harusi, taratibu! Bibi harusi, taratibu mama!" Watu walidhani ni madoido ya sanaa. Ukweli ni kwamba kichwa cha stendi yake, kile kipande cha juu kinachobeba kamera na kuigeuza, kilikuwa cha plastiki na kilikuwa kibishi. Ukikisukuma kinagoma, ukikaza mkono kinaruka. Bibi harusi mwenye haraka alikuwa anamwumbua.

Nyumbani alikuwa na jina jingine. Mama yake alimwita Kichwa Maji tangu siku alipoacha kazi ya kaunta benki, yenye shati jeupe na mshahara wa uhakika, akaenda kununua kamera. Mwanzoni mama alilitamka kwa hasira kwelikweli. Baadaye hasira ikaisha na jina likabaki. Kila mtu pale nyumbani alilizoea isipokuwa mwenye nalo.

Sasa mdogo wake, kitinda mimba wa mama, alikuwa anaolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mama asingekwenda. Alikuwa na ugonjwa wa sikio la ndani, na akipanda gari, hata la kwenda hospitali tu, dunia inamzunguka mpaka anatapika. Alilisema mwenyewe bila kujililia: "Nyie nendeni. Mimi mtaniletea video." Hapo ndipo Taratibu alipokosa raha, kwa sababu video ya mwisho aliyomletea, ya harusi ya binamu yao, mama aliitazama kidogo tu, akafumba macho, akaomba beseni.

"Kwani katika harusi hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyetulia?" aliuliza akijifuta mdomo.

"Watu walitulia, mama. Mimi ndiye niliyerukaruka."

Basi akajifunga kibwebwe kutafuta kichwa kipya. Alichokitaka ni kile ambacho yeye na wenzake wa kazi hukiita kichwa cha maji. Ndani yake mna mafuta mazito, kwa hiyo ukikigeuza kinakwenda kwa ulaini, hakishtuki kikianza wala hakirudi nyuma kikisimama. Mama alimsikia akikiulizia kwenye simu.

"Unatafuta kichwa cha nini?"

"Cha maji, mama."

"Cha kununua?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Na hicho ulicho nacho hapo mabegani tukipeleke wapi?"

Duka alilokwenda lilikuwa la vifaa vipya na vikuukuu, chumba chembamba chenye kamera zilizoning'inia mpaka mlangoni. Mwenye duka aliitwa Bei Poa, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja, hata kabla mteja hajasema anataka nini. Alimwekea mezani kichwa kipya kinachong'aa, boksi lake limejaa maneno makubwa makubwa. Fedha aliyokuwa nayo Taratibu ilikitosha.

"Bei poa," alisema Bei Poa. "Na kiko laini, shika mwenyewe."

Taratibu alishika. Mkononi kweli kilikuwa laini. Lakini hata kile cha plastiki kilikuwa laini mkononi siku alipokinunua, na aibu yake ilikuja kuonekana kwenye video. Akaomba avijaribu vichwa vitatu: hicho kipya, kile cha bei mbaya kilichofungiwa kabatini, na kimoja kikuukuu alichokiona chini ya meza, kizito, kimechubuka pande zote, mpini wake wa asili umepotea na mahali pake pamechomekwa kipande cha bomba kilichozungushiwa utepe mweusi.

"Cha kabatini utakinunua?"

"Sikiwezi, kaka. Nataka tu kujua kizuri kinafananaje."

Bei Poa aliguna, lakini kabati likafunguliwa. Taratibu akasimamisha stendi mlangoni, akafunga kichwa cha kwanza na kamera juu yake, akamfuata kwa lenzi mpita njia mmoja kutoka nguzo ya taa mpaka kona. Akafanya hivyo hivyo na vile viwili vilivyobaki, kila kimoja na mpita njia wake. Halafu akafanya jambo ambalo Bei Poa hakuwahi kuliona tangu afungue duka: akazituma zile video tatu kwa mama yake, bila kumwambia ipi ni ya kichwa gani, akaketi kwenye kigoda kusubiri.

"Mama ni fundi wa kamera?"

"Mama ni mgonjwa wa kizunguzungu."

Simu ikaita. Sauti ya mama ikajaa duka zima.

"Wewe Kichwa Maji! Hiyo ya kwanza umenitumia ili iweje? Yule mwanamume wa watu anatembea vizuri, halafu ukuta unamrukia! Tumbo limenigeuka."

Ya kwanza ilikuwa ya kile kinachong'aa. Bei Poa akajifanya anapangusa vumbi kwenye lenzi.

"Ya pili je, mama?"

"Ya pili ni ya yule mwanamke mwenye ndoo. Ameingia wapi? Kapita pale kwenye kona, nikataka kuona anakwenda kwa nani, wewe ukakata."

"Na kizunguzungu?"

"Ah, wala sikukumbuka," alisema. "Ya tatu nayo ni nzuri. Zinafanana tu."

Ya tatu ilikuwa ya kichwa cha kabatini. Ya pili ilikuwa ya kikuukuu chenye mpini wa bomba. Taratibu aliona kifua kinamjaa furaha, akajitahidi isifike usoni, maana bado hawajapatana bei.

Kilikuwa na kasoro yake, hakuificha nafsini mwake. Springi ya ndani ilikuwa imechoka, na ukiachia mpini kamera inainamisha pua chini kama mtu anayesinzia. Lakini harusi haihitaji kamera itazame juu wala chini. Inahitaji kumfuata mtu kutoka mlangoni mpaka kitini. Akaisogeza kamera nyuma kidogo ili uzito ukae sawa, akaapa kwamba siku hiyo mkono hautauacha mpini. Wakavutana kwa roho safi, akalipa, akabaki na nauli.

Siku ya harusi hakupiga kelele hata mara moja. Milango ilifunguliwa, mdogo wake akaingia, na kichwa kikageuka naye, polepole, sambamba na hatua zake. Katikati ya ukumbi, bila kumwambia mtu, bibi harusi akasimama. Akaigeukia kamera, akapiga goti.

"Mama," alisema, "nimefika salama."

Mkono wa Taratibu haukuuacha mpini. Kichwa kilisimama pale pale aliposimama dada yake, na alipoinuka kikaondoka naye.

Aliporudi nyumbani, mama alikuwa amekwisha kujiandaa: kiti mbele ya televisheni, beseni pembeni yake. Taratibu akaiweka video, akakaa nyuma ya mama kuuficha wasiwasi wake. Mlango wa ukumbi ukafunguka. Kichwa cha mama kikaanza kugeuka, polepole, kikimfuata binti yake kutoka ukingo wa kioo. Binti akasimama, akapiga goti, akasema neno lake.

"Karibu, mwanangu," mama aliijibu televisheni.

Aliitazama mpaka mgeni wa mwisho alipotoka na ukumbi ukabaki na viti vitupu. Kisha akalisukuma beseni kwa mguu mpaka chini ya meza.

"Nilikuwa nasema tu nendeni," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Roho ilikuwa inaniuma. Nilijua nimeikosa harusi ya mwanangu."

"Hukuikosa, mama."

"Sikuikosa." Alijifuta uso kwa kiganja, akajiweka sawa kitini. "Haya, Kichwa Maji wangu. Nirudishie pale aliponiita."

Kwa mara ya kwanza Taratibu aliliitikia jina lake.