Mstari wa Malampaka

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Lagangabilili nawafundisha ramani ya mistari. Safari zikiwa nyingi, mstari unachorwa mnene. Zikiwa chache, unakonda. Jumamosi nilichora ya kwangu.

Takwimu nilizitoa kwenye daftari la pikipiki ya ofisi, ambamo mume wangu Ansbert, bwana shamba, huandika kila safari. Mstari wa Migato, kwa wakulima wake, ulitoka mwembamba kama uzi. Wa Bariadi, kwenye vikao, hivyo hivyo. Wa Malampaka ulikuwa mnene kama kidole gumba changu.

Malampaka si wilaya yetu. Ameandika "kufuata mbegu za pamba", tena mwezi wa saba, wakati watu wanauza pamba na hakuna anayepanda. Ila karibu na stesheni ya treni yupo Rahel, mchumba wake wa kabla yangu, anauza mchele. Na mchele huo huletwa kwangu. Mimi mjinga nimekuwa nikiusifia unavyonukia.

Niliibandika ramani ukutani, mbele ya kiti chake, nikampakulia ugali.

Ansbert aliitazama. Nilikuwa nikisubiri uongo, na majibu ya kuupinga nilikuwa nayo mdomoni. Aliweka tonge chini, akaugusa ule mstari mnene.

"Hapa umekosea, Mama Anatoli," alisema taratibu. "Ulitakiwa uwe mnene zaidi. Safari za Jumapili sikuziandika."